Umri wa Jean Bosco

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajavua koti, Sebahire alikuta faili jembamba juu ya meza yake, na juu ya faili kipande cha karatasi chenye mwandiko wa jaji. Maneno yalikuwa machache. Mtuhumiwa anasema ana miaka kumi na minane. Mimi namwona mtoto. Nipatie ukweli kabla ya Alhamisi.

Sebahire alikuwa karani na mkalimani wa mahakama hapo Gisenyi. Tangu sheria ya watoto ilipoanza kutumika, jaji alikuwa amemwongezea kazi ya tatu: kumchunguza kila mtoto aliyekamatwa, ajulikane ni mwana wa nani, analala wapi, ana umri gani. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina mjini. Walimwita Karani wa Watoto, wala si kwa mapenzi. Alipopita sokoni, akina mama waliwavuta wanao karibu na magoti. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mkewe alikuwa amefariki bila kumwachia mtoto, na mchana alikula ofisini, peke yake, mlango umefungwa.

Alifungua faili. Wizi wa kichwa cha cherehani, mali ya fundi Kadiri wa Mbugangari. Mtuhumiwa alikamatwa njia ya Goma, mashine imefichwa kikapuni chini ya viazi. Amekiri. Jina lake Nsengiyumva Jean Bosco. Uthibitisho wa umri ulikuwa cheti cha ubatizo, kimekunjwa mara nne hadi mikunjo yake ikawa matundu: amebatizwa Machi 1939, akiwa mchanga.

Sasa ulikuwa mwaka 1957. Kumi na minane kamili. Mtu wa miaka kumi na minane hukumu yake ilijulikana: kwa wizi wa namna ile, miezi minane katika gereza la mjini. Hesabu ilikaa sawa, na mtuhumiwa mwenyewe aliisimamia. Kwa miaka yote ya kazi yake Sebahire alikuwa amewaona wakubwa wakijifanya watoto ili wahurumiwe. Mtoto wa kujifanya mkubwa hakuwahi kumwona.

Alichukua kofia yake akaenda gerezani.

*

Walimletea kijana kwenye chumba cha kaporali. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, viganja vikubwa visivyolingana na mikono. Kwa kuwa alikuwa mahabusu, hajahukumiwa bado, alivaa nguo zake mwenyewe: shati lililochanika begani na suruali ya kaki.

"Jina lako?"

"Nsengiyumva."

"Na la ubatizo?"

Kijana alitazama ukuta kidogo. "Bosco. Jean Bosco."

"We iko na myaka ngapi?"

"Kumi na munane, Karani."

"Ibuku yako iko wapi?"

Kila mwanamume aliyefikisha umri huo alitembea na kitabu chake cha utambulisho, na polisi walikiuliza kila njia panda.

"Ilipotea."

"Ilipotelea wapi?"

"Kwa maji."

Sebahire aliandika. Kisha akauliza, kama mtu anayepiga soga: "Ile njaa kubwa ya Ruzagayura, unaikumbuka?"

"Naikumbuka sana. Watu walikuwa wanakufa kwa njia."

"Ulikuwa na myaka gani?"

"Tano. Karibu sita."

"Bon. Na kwenu kule juu, mulikuwa munakula nini?"

"Viazi," alijibu kijana haraka. "Viazi tu, kila siku."

Kalamu ya Sebahire ilisimama. Mwaka ule viazi vilikuwa vya kwanza kuoza. Majani yalikuwa meusi shamba zima kwa siku tatu, na watu walichimba mizizi ya migomba. Aliyeuvuka mwaka ule akiwa na miaka mitano angesahau mambo mengi, lakini hilo asingelisahau. Huyu alikuwa amehadithiwa njaa tu.

Aliinama kuokota kofia yake, na macho yake yakapita kwenye miguu ya kijana. Juu ya kifundo cha mguu, suruali ilikuwa na mstari uliozunguka, na chini ya mstari huo kaki ilikuwa bado na rangi yake ya dukani. Pindo lilikuwa limekunjuliwa, likashonwa upya kwa uzi mweusi, kwa mkono usiojua kushona.

"Nani alikushonea hii?"

"Mi mwenyewe."

Mlangoni kaporali alimshika Sebahire mkono. "Karani, huyu kijana ananishangaza. Mahabusu hatumupelekagi kwa kazi. Yeye ameomba mwenyewe. Kila siku anataka kwenda na wafungwa kukata majani kule kando ya ziwa."

"Amesema sababu?"

"Anasema kukaa bure kunamuumiza." Kaporali akashusha sauti. "Na kama iko na neno kwa jaji, umuambie afanye haraka. Kule ndani wakubwa wamekwisha kumunyanganya blanketi. Analala amesimama kwa mulango."

*

Duka la Kadiri lilikuwa chumba kimoja mbele ya nyumba, Mbugangari, karibu na mahali malori yanaposhusha mizigo. Mashine ilikuwa imerudi juu ya meza yake. Kadiri alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini, kofia ya kufuma kichwani, pini mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kusema.

"Walinirudishia mashini, ndiyo. Lakini Bwana Sebahire, mi siko na hasira juu ya mashini. Niko na hasira juu ya mutu. Ule alikuwa anakaa hapa kwa kizingiti karibu mwaka muzima. Ananiokotea pini kwa sumaku. Ijumaa nikienda kusali, yeye ndiye anachunga mulango. Na Ijumaa ndiyo aliiba."

"Alijua kuifungua?"

"Kila siku aliniona nikiifungua kuitia mafuta."

"Ni mutu muzima, kwa macho yako?"

Kadiri alisita. "Kazi anafanya ya mutu muzima. Myaka yake, Mungu ndiye anajua."

Sebahire alivuta kiti. "Ile suruali ya kaki. Ni wewe uliishona?"

"Niliipunguza. Aliileta, ilikuwa ya baba yake. Ngoja." Fundi alifungua droo akatoa daftari la vipimo, lililojaa mafuta ya mashine. Alipita kurasa kwa kidole. "Hii hapa. Mwezi wa nane, mwaka jana. Kiuno mpaka kisigino, sabini na munane. Chini yake dada yake, gauni ya kitambaa cha gunia la unga, arobaini na sita."

"Iko na dada?"

"Mutoto mudogo, myaka sita hivi. Walikuja pamoja."

Sebahire aliligeuza daftari upande wake. Juu ya namba sabini na nane palikuwa na jina, kwa herufi za Kadiri zilizosimama wima. Halikuwa Nsengiyumva. Lilikuwa Ndayisaba.

"Hili jina alilisema nani?"

"Yeye mwenyewe. Siku zote tulimuita hivyo. Bosco nililisikia kwa polisi, nikafikiri ni jina la misa."

"Na pindo? Uliliacha kubwa."

"Kubwa, ndiyo. Vidole vine."

"Kwa nini?"

Kadiri alimtazama kama anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Alikuwa anakua."

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani kulikuwa na mwanamke amesimama, akisikiliza. Alikuwa Mukandutiye, mke wa fundi. Sebahire alipoinua macho, pazia lilitulia.

Aliazima utepe wa kupimia, akarudi gerezani, akampima kijana mbele ya kaporali. Kiuno mpaka kisigino: themanini na tano. Sentimeta saba kwa mwaka na ushei. Kijana alisimama wima kama anayepimiwa jeneza, hakuuliza sababu. Ila Sebahire alipokuwa akiukunja utepe alimwita, kwa sauti ya kawaida, "Ndayisaba."

Kijana aligeuka kabla hajajizuia. Kisha akauma mdomo.

"Mi ni Bosco," alisema. "Andika Bosco, Karani. Nakuomba."

*

Jaji asingetosheka na utepe. Angesema kwamba hata mtu wa miaka kumi na minane anaweza kuchelewa kukua, na jina la nyumbani si ushahidi. Kwa hiyo Jumanne alfajiri Sebahire alipanda lori la viazi lililokuwa likirudi tupu, akashushwa chini ya Busasamana, kijiji kilichoandikwa kwenye cheti, akapanda kwa miguu kati ya kuta za mawe meusi ya volkano na mashamba ya mbaazi. Baridi ya huko iliingia ndani ya koti. Aliuliza nyumba tatu. Kwenye mbili walimtambua, wakaita watoto ndani.

Ya tatu ilikuwa ya Laurence, mjane, shangazi wa watoto. Alikuwa anapalilia. Hakumkaribisha ndani, lakini hakumfukuza. Sebahire alimwonyesha cheti. Mama yule hakujua kusoma. Aligusa matundu ya mikunjo tu.

"Hii alikuwa anaiweka mama yao kwa kifua," alisema. "Mulitoa wapi?"

"Iko na Ndayisaba. Anasema ni yake."

"Ya Ndayisaba? Yoo, hapana." Laurence aliegemeza jembe. "Hii ni ya Bosco. Mutoto wa kwanza wa kaka yangu. Alizaliwa mwaka mulima ulishuka na moto mpaka kwa ziwa, kule Sake. Usiku tulikuwa tunaona mbingu nyekundu, mama yake anamunyonyesha inje bila taa. Bosco alikufa kwa Ruzagayura. Kaburi yake ni ile pale, chini ya mikaratusi."

Sebahire alitazama. Palikuwa na rundo la mawe, kama rundo lolote la mawe.

"Na Ndayisaba?"

"Njaa ilipoisha. Mvua ya kwanza, viazi vya kwanza, na yeye akazaliwa."

"Donc iko na myaka kumi na mbili."

"Kumi na mbili, ndiyo. Anaingia ya kumi na tatu."

"Alibatizwa?"

"Hapana. Baba yao aligombana na watu wa misheni, akakataa. Halafu akaenda kwa migodi ya Katanga. Barua haikuja hata moja. Mwaka jana mama akakufa. Mi nilitaka kubaki na watoto, Karani, lakini niko na saba, na shamba unaliona. Ndayisaba akasema yeye na Uwimana watashuka Gisenyi, kuna malori, kuna watu wanatoka Katanga, watauliza habari za baba." Akashika tena mpini wa jembe. "Amefanya nini?"

Sebahire alimwambia. Laurence alisikiliza hadi mwisho, kisha akarudi kwenye tuta lake akaendelea kupalilia, na jembe lilikuwa likigonga mawe.

*

Ushahidi ulikuwa umekamilika. Kilichobaki kilikuwa sababu, na jaji hakuwa ameiuliza. Sebahire aliitaka kwa ajili yake mwenyewe.

Jumatano saa nne asubuhi alisimama chini ya mivinje ya barabara ya ziwani. Wafungwa wanane walikuwa wakifyeka nyasi mbele ya nyumba za Wazungu, mlinzi mmoja nyuma yao. Ndayisaba alikuwa wa mwisho. Hatua mia moja hivi kutoka kwao, juu ya ukuta mfupi, alikaa mtoto wa kike aliyevaa gauni la gunia. Alitazama ziwa, kama asiyemjua mtu yeyote pale. Wafungwa waliposogea, naye alishuka, akasogea, akakaa tena. Hakuna aliyesema na mwenzake.

Mlinzi alipogawa chakula, kila mtu kiazi kitamu kimoja, Ndayisaba alikivunja kwa kidole gumba. Nusu alikula. Nusu aliiacha kwenye jani la mgomba chini ya mti, akachukua panga lake, akasonga mbele. Mtoto alihesabu muda kwa namna anayoijua mwenyewe, kisha akaenda, akaokota, akala amewapa mgongo watu wote.

Alipoondoka Sebahire alimfuata. Mtoto alipita sokoni, akashuka mwaloni ambako mitumbwi huvutwa mchangani, akaingia kwenye kibanda cha Mukamusoni, mwuza samaki. Mukamusoni alikuwa mama mnene wa miaka sitini, akigeuza samaki wadogo juani. Alipomwona Sebahire mlangoni alisimama katikati, kati yake na mtoto.

"Huyu hautamupata," alisema. "Huyu hakuiba kitu."

"Sikuja kumuchukua, mama. Nakuja kuuliza."

"We kila siku unauliza. Kisha watoto wanaenda."

Sebahire alivua kofia. "Kwa nini Ndayisaba anajiita mukubwa?"

"Hujui? We Karani, hujui?" Mukamusoni alicheka bila furaha. "Unamukumbuka mutoto wa Bimenyimana?"

Alimkumbuka. Miaka miwili iliyopita, mvulana wa miaka kumi na mitatu alivunja dirisha la ghala akaiba sabuni. Sebahire mwenyewe ndiye aliyethibitisha umri wake, akifurahi kwamba anamwokoa na gereza la wakubwa. Sheria ilisema mtoto haadhibiwi, mtoto analindwa. Jaji aliamuru alindwe na serikali mpaka afikishe miaka ishirini na mmoja, katika nyumba ya watoto iliyo mbali, siku mbili kwa lori.

"Ule mutu aliiba pamoja naye alikuwa mukubwa," Mukamusoni alisema. "Alifungwa myezi sita. Iko hapa, anavua samaki, ameoa. Mutoto wa Bimenyimana haiko. Baba yake anakuja hapa, kila mutumbwi ile inatoka mbali, anauliza. Mwaloni muzima tumejifunza, Karani. Mukubwa anafungwa, anatoka. Mutoto anapotea. Ndayisaba aliuliza hapa, watu walimuambia. Sasa anasema: mi mukubwa, myezi munane, kila siku nitamuona Uwimana kwa barabara. Akili yake ni hiyo tu."

"Na mashini? Aliiba juu ya nini?"

"Dereva mumoja wa Goma. Alisema, leta mashini, nitawapakia wote wawili mpaka Katanga, kwa baba yenu." Mama alitema mate pembeni. "Na huyu dereva, nani amemukamata?"

Sebahire alichungulia kupita bega lake. Ndani ya kibanda mtoto alikuwa amekaa juu ya nyavu, magoti kifuani, akimtazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Unaweza kukaa na wote wawili, mama? Nikimuomba jaji?"

"Mi ni mujane, nalala hapa, mulango ni gunia. Jaji wako atakubali?"

Wote wawili walijua jibu.

*

Sheria ilikuwa na mlango mmoja mwingine, nao ulitumika mara chache. Badala ya serikali, jaji aliweza kumkabidhi mtoto kwa mtu wa kuaminika mwenye nyumba na familia. Sebahire aliwaza nyumba yake, vyumba viwili, kimoja hakikufunguliwa tangu mazishi. Lakini mchunguzi hawezi kukabidhiwa mtoto aliyemchunguza mwenyewe. Jaji alikuwa amelisema hilo waziwazi.

Akaenda Mbugangari.

"Nichukue mwizi wangu mwenyewe?" Kadiri alitoa pini zote mdomoni. "Niweke kwa nyumba yangu?"

"Iko na myaka kumi na mbili, fundi."

"Alipofungua ile mashini alikuwa na myaka mingapi? Hapana. Bwana Sebahire, tuheshimiane. Hapana."

Pazia lilifunguka. Mukandutiye hakumsalimu Karani wala hakumtazama mumewe. "Ule mutoto mwanamuke," alisema. "Analala wapi?"

"Mwaloni. Kwa kibanda cha Mukamusoni."

"Pale upepo unaingia," alisema, akarudi ndani.

Jioni ile Sebahire alikaa ofisini na karatasi mbili mbele yake. Moja ilikuwa cheti. Kama angekiacha kiseme peke yake, hakuna mtu katika mahakama ile angekipinga, na Ndayisaba angepata miezi yake minane. Ya pili ilikuwa ripoti. Alifikiria barabara ya ziwani. Alifikiria pia blanketi lililonyang'anywa, na mvulana anayelala amesimama kati ya wanaume mia moja. Akaandika ukweli, ukurasa mmoja na nusu, kwa wino mweusi. Mwishoni aliongeza sentensi ambayo haikuwa kawaida yake: kwamba uchunguzi wa miaka miwili iliyopita, wa mtoto wa Bimenyimana, ulikuwa sahihi, na kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyemletea baba yake habari za mwanawe. Akasaini.

*

Mahakama ilikaa Alhamisi saa tatu. Jaji alikuwa Mbelgiji wa makamo, mwenye homa ya mafua, aliyetaka kumaliza mapema. Alisoma ripoti kimya, akarudia ukurasa wa kwanza, akainua macho.

"Mwambie tunajua yeye si Jean Bosco."

Sebahire alitafsiri. Ndayisaba hakulia. Alimtazama Karani, si jaji, na macho yake yalikuwa makavu.

"Mi nilikuomba," alisema.

"Anasemaje?" jaji aliuliza.

"Anasema aliniomba nisiseme, Bwana Jaji."

Jaji alipenga kamasi. "Miaka kumi na miwili. Hana baba, hana mama. Basi njia ni moja, labda awepo mtu wa kumpokea. Mlalamikaji ana neno?"

Kadiri alisimama. Mukandutiye alikuwa amekaa nyuma yake, ushungi kichwani, na pembeni yake alikuwa Uwimana, ameogeshwa, amevaa kanga iliyofungwa shingoni. Ndipo Sebahire alipomwona.

"Mi niko na neno," alisema Kadiri, akakohoa kabla ya kulitoa. "Mashini imerudi. Jana bibi yangu alishuka mwaloni, akarudi na huyu mutoto. Hakuniuliza. Usiku muzima nilisikia mutoto anauliza kaka yake iko wapi. Donc… nasema hivi. Mumupe kwangu. Ataokota pini. Atafundishwa. Kama akiiba tena, mi mwenyewe nitamuleta."

Sebahire alitafsiri polepole. Jaji alisikiliza, akagonga meza kwa penseli.

"Ni Mwislamu?"

"Ndiyo, Bwana Jaji."

"Hapo pana shida. Siwezi kumtoa mtoto aliyebatizwa Mkatoliki nikampeleka nyumba ya Mwislamu. Mapadri watanijia kesho asubuhi. Cheti hiki hapa, nimekiona kwa macho yangu."

Mkalimani hana ruhusa ya kusema lake. Sebahire aliweka kalamu mezani, akasimama.

"Bwana Jaji, cheti hicho ni cha marehemu. Aliyeandikwa kwenye cheti hicho yuko chini ya mawe Busasamana. Ukurasa wa pili, mstari wa nne: shangazi anasema Ndayisaba hajabatizwa. Ukikubali kwamba ana miaka kumi na miwili, umekubali kwamba yeye si yule aliyebatizwa. Haiwezekani awe mtoto kwa ajili ya sheria, kisha awe Bosco kwa ajili ya mapadri."

Jaji alifungua ukurasa wa pili, akaufuata kwa kidole mpaka mstari wa nne. Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alitabasamu upande mmoja wa mdomo, akachukua kalamu.

Aliamuru hivi: mtoto akaripiwe, akabidhiwe kwa fundi Kadiri na mkewe, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi afike mbele ya karani kuhojiwa. Akikosea mara moja tu, serikali itamchukua. Dereva wa Goma atafutwe. Habari za mtoto wa Bimenyimana ziulizwe kwa barua. Sebahire aliyatafsiri yote, neno kwa neno, bila kupandisha sauti.

Walitoka pamoja. Uwimana alimshika kaka yake shati kwa nyuma, akalivuta kwa mikono yote miwili. Mukandutiye alifungua mwavuli. Kadiri alitangulia, akizungumza kwa hasira juu ya pindo baya la suruali na uzi mweusi. Wakaiteremka barabara bila kugeuka. Sebahire alikusanya karatasi, akazipanga, akafunga madirisha ya mahakama moja baada ya jingine, kwa sababu hiyo pia ilikuwa kazi yake.

*

Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata, mlango wa ofisi uligongwa saa mbili kamili. Ndayisaba aliingia, kofia mkononi, shati jipya. Alisimama mbele ya meza, mbali kidogo.

Fomu ilikuwa na maswali manne.

"Unalala kwa fundi kila siku?"

"Ndiyo."

"Unafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Kuna mutu amekupiga?"

"Hapana."

"Umechukua kitu cha mutu?"

"Hapana."

Sebahire aliandika majibu yote, akatia tarehe, akakausha wino. Ilikuwa imechukua muda mfupi kuliko kuwasha kiko. Nje lori lilipita, vioo vikatetemeka.

"Sasa niende?" mvulana aliuliza.

Sebahire alishika kona ya fomu. Alipaswa kusema nenda.

"Na Uwimana," alisema. "Anapenda kule?"

Ndayisaba alimtazama kwa uangalifu. "Hiyo iko kwa karatasi?"

"Hapana. Kwa karatasi haiko."

Mvulana alitazama mlango. Akatazama kiti kilichokuwa upande wake wa meza, kiti ambacho watu waliitwa kukikalia, hawakukikalia kwa kupenda. Akakivuta, akaketi kwenye ukingo wake.

"Kwanza alikuwa analia," alisema. "Sasa amekuwa na kiburi. Hata mi hanitii."